Kondoo Wasionyolewa: Sufu na Ngozi katika Historia ya Ugogo

Mtu apitaye penye malisho ya Chamwino wakati wa kiangazi huwaona kondoo wakitafuta majani makavu chini ya migunga, mikia yao minene ikining'inia nyuma. Hamwoni mtu mwenye mkasi. Kondoo hao hawana sufu. Wana singa fupi kama za mbuzi. Kwa ajili hiyo wako waliowaita kondoo hafifu, na neno hilo sisi wenyewe tumelirudia bila kulipima. Makala haya yataka kulipima kwa mizani ya historia.

Lugha yetu yatoa ushahidi wa kwanza. Ngozi, nywele na manyoya ni maneno ya Kibantu tuliyorithi. Sufu ni neno tulilopokea kwa Waarabu. Nayo sufu ni unywele mwembamba, uliojikunja, usiokoma kukua. Ile ya kondoo wa merino kwa kawaida haifikii unene wa maikroni 25, yaani sehemu 25 za milioni ya mita. Kondoo wa namna hiyo asiponyolewa huelemewa na joto na uchafu.

Kunyoa ni ufundi wa heshima. Mnyoaji humkalisha kondoo kitako, mgongo wa mnyama ukiegemea magoti yake, akaanza na sufu ya tumboni. Mkono mmoja huvuta ngozi ikanyooka, wa pili hupitisha mkasi karibu nayo pasipo kuijeruhi. Akirudia mahali pamoja mara mbili, hupata nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa. Fundi hodari huivua sufu ikiwa kipande kimoja, mfano wa joho. Kisha hutandazwa na kuchambuliwa kwa wembamba, urefu na usafi wake.

Katika Afrika ya Mashariki ufundi huo ulienezwa na mashamba ya walowezi. Lord Delamere, aliyeanza shamba lake Njoro, Kenya, mwaka 1903, aliagiza kondoo wa sufu kutoka ng'ambo na kuwapandisha na kondoo wa Kimasai. Wengi wa wageni hao walikufa. Nyasi za Njoro zilipungukiwa na madini, jambo walilolijua Wamasai waliozikwepa. Baadaye kondoo wa sufu walistawi katika nyanda za baridi kama Molo, na vibarua wa Kiafrika wakajifunza kushika mkasi. Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1960, kondoo wa sufu walifugwa Kitulo, penye mwinuko upitao meta 2,500. Hatimaye shamba hilo likageuzwa kuwa la ng'ombe wa maziwa.

Ugogo si Molo wala Kitulo. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na kwa kawaida haifikii milimita 600 kwa mwaka. Sufu ingejaa miiba na vumbi kabla ya kuufikia mkasi. Kondoo wa hapa huweka akiba yake mkiani, akaila wakati wa dhiki kama mkulima ailavyo akiba ya ghalani. Tena wataalamu nchini Kenya wamethibitisha kwamba kondoo mwekundu wa Kimasai, naye wa mkia mnene, huwastahimili minyoo ya tumbo kuliko wageni wengi. Huyo si hafifu.

Wala wahenga wetu hawakukosa vazi. Walivaa ngozi, na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipokatiza Ugogo, ilitozwa hongo, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa nguo za pamba: merikani na kaniki. Nguo ilipoenea, ngozi ikaacha kuwa vazi la kila siku, na ufundi wake ukaanza kupungua.

Hapo ndipo penye hasara ya kweli. Hatukupoteza sufu, maana hatukuwa nayo; twapoteza ngozi. Kuchuna bila kutoboa, kukwangua, kuwamba, kukausha na kulainisha kwa mafuta ni elimu iliyopokezwa mkono kwa mkono. Leo kisu cha haraka huitia ngozi mikato, na ngozi yenye matundu hushuka thamani hata ikatupwa. Tangu mwaka 1973, ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, mji umekua, na penye walaji wengi pana ngozi nyingi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi vijana wasijifunze kunyoa. Katika nyanda za baridi mkasi una kazi yake. Twasema mnyoaji na mchunaji ni mafundi wa jamaa moja, kwani wote wawili hupimwa kwa ngozi waliyoiacha nzima. Basi wazee wachache wanaoijua bado kazi ya ngozi na waitwe shuleni na machinjioni, wafundishe kwa mikono yao wangalipo.