Kahawa, chai na kakao katika Taita Taveta

Taita Taveta ni kaunti ya kusini mashariki mwa Kenya inayopakana na Tanzania. Historia ya kahawa ya Kenya huhesabiwa kuanzia hapa, katika misheni ya Bura iliyo kwenye vilima vya Taita, ambako mibuni ilipandwa mwaka 1893. Hata hivyo kaunti hii haikupata kuwa mzalishaji mkubwa wa zao hilo. Chai na kakao si mazao ya biashara yake hata kidogo, ingawa chai hunywewa kila nyumba, toka mji wa Voi hadi wadi ya Mata kando ya ziwa Jipe.

Asili ya mimea

Mbuni wa arabika (Coffea arabica) ni mmea wa misitu ya nyanda za juu za kusini magharibi mwa Ethiopia. Mibuni mwitu ya jamii hiyo imeonekana pia kwenye uwanda wa Boma, Sudan Kusini, na mlima Marsabit, Kenya. Wataalamu wa vinasaba wameonyesha kwamba arabika ni chotara, mtoto wa robusta (Coffea canephora) na Coffea eugenioides, jamii mbili za Afrika. Kinywaji chenyewe kilishika mizizi Yemen katika karne ya 15, miongoni mwa Masufi waliokesha katika dhikri, kikaenea kwa biashara ya bandari ya Mocha. Upande wa ziwa Viktoria, Wahaya wa Bukoba walikuwa na robusta yao zamani kabla ya Mzungu kufika: walichemsha buni mbichi pamoja na majani ya kunukia, wakazikausha, wakazitafuna. Buni mbili zilizotoka katika tunda moja ziliwaunganisha watu wawili katika udugu wa kuchanjiana.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba vilima vya Taita vina mbuni wake wenyewe. Coffea fadenii, uliopewa jina la mtaalamu wa mimea Robert Faden, huota porini katika mabaki ya msitu wa Taita na ng'ambo ya mpaka katika milima ya Upare. Pwani ya Kenya na Tanzania ina jamii nyingine, Coffea pseudozanguebariae, ambayo buni zake hazina kafeini. Kwa hiyo mapadri walipopanda arabika Bura hawakuleta mmea wa ukoo mgeni. Walileta ndugu yake mwenye soko.

Mchai (Camellia sinensis) chimbuko lake ni nchi za milima zinazokutanisha kusini magharibi mwa China, Burma na Assam. Mkakao (Theobroma cacao) ni wa bonde la juu la Amazon. Mabaki yaliyochimbuliwa Ecuador yanaonyesha kwamba ulitumiwa na watu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Kahawa ya Bura

Mbegu za Bura zilifika kwa njia ndefu. Wafaransa walikuwa na mashamba ya kahawa katika kisiwa cha Réunion, zamani Bourbon, tangu karne ya 18, kwa mbegu zilizotoka Yemen. Katika miaka ya 1860 wamisheni Wakatoliki walivuka kutoka Réunion kuja Unguja, na mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bagamoyo. Kutoka Bagamoyo walipanda bara: Kilema kwenye Kilimanjaro, na Bura. Reli haikuwapo bado, kwani ujenzi kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896. Chochote kilichofika Bura mwaka 1893 kilifika kwa miguu ya wapagazi.

Mwaka 1899 mapadri hao walifungua misheni ya Mtakatifu Austin karibu na mahali palipokuja kuwa Nairobi, wakachukua miche kutoka Bura. Walowezi wakanunua mbegu pale, na kahawa hiyo ikaitwa French Mission, yaani ya misheni ya Wafaransa. Wapo wanaotaja Wamisheni Waskoti wa Kibwezi kuwa walipanda kahawa mnamo wakati uleule, na huenda kweli walipanda. Lakini ni mbegu za Bura zilizoacha uzao unaofuatika.

Uzao huo nao una utata wake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 maabara ya kilimo ya Scott huko Kabete ilichagua mti mmoja katika shamba la Loresho, uliokuwa umeandikwa kuwa wa French Mission. Mti huo ndio mama wa SL34, aina ambayo pamoja na SL28 ndiyo iliyoipa kahawa ya Kenya jina duniani. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vinaonyesha SL34 iko karibu na kundi la arabika liitwalo Typica, si lile la Bourbon lenye jina la zamani la Réunion. Ama kibandiko cha mti ule kilikosea, ama French Mission haikuwa aina moja tangu mwanzo. Anayesema kila kikombe cha kahawa ya Kenya kimetoka Bura ametia chumvi.

Kwa nini zao halikustawi

Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya Taita Taveta ni nyika kavu: Voi uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni haba. Vilima vya Taita huchomoza ghafla kutoka katika nyika hiyo hadi Vuria, mita 2,208, vikikamata ukungu unaotoka Bahari ya Hindi. Huko juu arabika hukua vizuri, lakini ardhi yenyewe ni finyu na imegawanywa vipande vidogo vya familia, kila kipande kikigombewa na mahindi, maharagwe na mboga za kupelekwa Mombasa.

Sababu ya pili ni sheria, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo nzito zaidi. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliwazuia Waafrika kulima kahawa hadi miaka ya 1930, walowezi wakidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na wizi. Kizuizi kilipolegezwa, walioruhusiwa kwanza walikuwa wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu. Mlango haukufunguka kwa upana hadi mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Linganisha na upande wa pili wa mpaka: Wachaga wa Kilimanjaro, waliopata mibuni kwa mapadri walewale, walikuwa na chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikaanzishwa. Milima inayotazamana, wamisheni wa shirika moja, arabika ileile; kilichotofautiana ni sheria ya kila upande wa mpaka. Usafiri nao haukuwa kikwazo: reli ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya kupambana na Wajerumani, iliunganishwa na reli ya Moshi, na treni zilipita chini ya vilima vya Bura.

Sababu ya tatu ni chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi ya kahawa, uliotambuliwa Kenya mwaka 1922. Dawa zake ni ghali kwa mwenye mibuni mia mbili. Ruiru 11, aina inayostahimili chulebuni, ilitolewa mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Kufikia hapo mkulima wa Taita alikuwa amekwishazoea mazao mengine. Kenya nzima ilishuka pia, kutoka karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88 hadi kama tani 50,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni.

Utayarishaji wa kahawa

Mbuni huanza kuzaa mwaka wa tatu. Maua meupe hufunguka siku chache baada ya mvua, na matunda huchukua miezi saba hadi tisa kuiva. Huchumwa mekundu tu, moja moja, na yanapaswa kumenywa siku hiyohiyo. Buni zilizomenywa hubaki na ute mtelezi, hivyo hulazwa katika matangi ya saruji usiku kucha au zaidi ili ute uchachuke. Mtaalamu wa kiwandani hahitaji kipimo: hutia mkono tangini, akashika konzi ya buni na kuzisugua. Zikiteleza, bado, zikikwaruza kama kokoto za mtoni, ni wakati wa kuziosha. Kuchelewa ni hatari zaidi kuliko kuwahi, kwa sababu buni zilizopitiliza hutoa harufu ya siki ambayo hakuna ukaangaji utakaoiondoa.

Baada ya kuoshwa, buni huanikwa kwenye vichanja, hugeuzwa mara kwa mara na kufunikwa jua likiwa kali. Kisha hukobolewa na kupangwa kwa ukubwa kwa chekecheo: AA ni kubwa, AB hufuata, PB ni zile za mviringo zilizoota peke yake katika tunda. Kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja ya buni safi. Matunda yaliyokaushwa na ganda lake bila kuoshwa huitwa mbuni sokoni, na bei yake ni ya chini.

Chai inayopita njia

Mchai ulipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Kilimo kikubwa kilianza miaka ya 1920 Kericho na Limuru kwa kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na wakulima wadogo wakapata shirika lao, KTDA, mwaka 1964. Mchai hutaka udongo wenye tindikali na mvua isiyokatika miezi mirefu, jambo ambalo Taita haina. Huchumwa majani mawili na chipukizi, kila baada ya wiki moja au mbili. Majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yabadilike rangi hewani, kisha hukaushwa kwa joto. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu.

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Tangu hapo chai ya bara, pamoja na ya Uganda, Rwanda na Burundi, hushuka kwa njia kuu inayopita Voi. Kenya hutoa zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka na karibu zote huuzwa nje. Inayobaki huchemshwa sufuriani pamoja na maziwa na sukari, au hunywewa turungi. Kahawa katika kaunti hii ina wanywaji wake wa jioni, wazee wa mjini wanaolizunguka dele lenye makaa chini yake, kikombe kidogo kisicho na mkono, tangawizi ya kutosha na kashata pembeni.

Mata na kakao

Mtu akiitazama wadi ya Mata, yenye joto, migomba na mifereji ya maji, huenda akafikiri kakao ingefaa. Mkakao hupenda joto na kivuli, na matunda yake huota kwenye shina. Mbegu huchachushwa siku tano hadi saba chini ya majani ya mgomba, kisha huanikwa. Lakini hutaka mvua ya milimita 1,200 na zaidi kwa mwaka na hewa yenye unyevu, na Mata haina vyote viwili. Kakao ya Afrika Mashariki iko Kyela nchini Tanzania, Bundibugyo nchini Uganda, na upande wa Beni nchini Kongo. Maji ya mto Lumi, yanayotoka Kilimanjaro na kuingia ziwa Jipe, yanamlipa mkulima wa Taveta vizuri zaidi katika ndizi.

Arabika nayo haistahimili mita 700 za Mata. Kahawa iliyo karibu zaidi na wadi hiyo iko Ugweno, katika milima ya Upare inayoinuka ng'ambo ya ziwa Jipe, nchini Tanzania.