Shela Nyeupe na Uso Gizani: Historia ya Mwanga katika Picha za Harusi za Kanisani

Wanaoandika historia ya Burundi wamezoea kuitafuta katika barua za wamisionari, ripoti za utawala wa Kibelgiji na masimulizi ya wazee. Katika insha hii mimi nataka kuitafuta ndani ya albamu za harusi. Hoja yangu ni kwamba ugumu wa kupiga picha kanisani, ule ambao wapiga picha wa Bujumbura wanaulalamikia kila Jumamosi, si ugumu wa asili tu. Umetengenezwa na watu kwa nyakati mbalimbali: waliojenga makanisa, waliotengeneza filamu, waliotunga kanuni za misa. Na waliolipa gharama yake ni wale ambao nyuso zao hazikuonekana.

Kwanza tuutazame mwanga wenyewe, maana bila kuuelewa hoja haisimami. Bujumbura iko takriban nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linasimama utosini kabisa, na hata miezi mingine haliendi mbali. Jua la namna hiyo huchimba vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua. Maarusi wakivuka mlango wa kanisa wanaingia katika dunia nyingine. Mwanga wa nje kwenye jua kali unaweza kuwa mara elfu moja ya ule wa ndani. Jicho la binadamu huzoea baada ya muda mfupi, kamera haizoei. Bibi harusi akisimama mlangoni akiwa na jua mgongoni, mpiga picha analazimika kuchagua: aonyeshe uwanja au amwonyeshe bibi harusi.

Ndani kuna tatizo la pili, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Shela nyeupe inaweza kurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia. Suti nyeusi hurudisha asilimia chache tu. Ngozi yetu iko karibu na suti kuliko shela. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui harusi ni nini; kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina rangi ya kijivu inayorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kikijaziwa shela nyeupe, kinapunguza mwanga ili shela iwe ya kijivu, na uso unazama. Mjomba wangu, ambaye ni mpiga picha na ambaye namsaidia kubeba taa mwishoni mwa juma, ana kanuni moja tu juu ya jambo hili: pima uso, nguo itajitetea.

Sasa turudi nyuma. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, wakati nchi ikihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Makanisa ya matofali yaliyofuata yalibebwa na kuta zake zenyewe. Ukuta unaobeba paa haupendi madirisha mapana, kwa hiyo madirisha yakawa membamba na marefu, na mwanga ukaingia kwa vipande. Waumini walikaa katika kivuli chenye ubaridi, jambo la kushukuru katika joto la bonde la Tanganyika. Lakini mahali panapompumzisha muumini ndipo panapomtesa mpiga picha. Vioo vya rangi, palipo navyo, huongeza balaa: shavu moja la bwana harusi jekundu, jingine la buluu. Ndiyo maana mtu anayefanya kazi hii kwa makini huenda kanisani siku moja kabla, saa ileile ya misa, kuona jua litaangukia benchi gani.

Filamu za zamani zilifanya hali iwe mbaya kwa namna ambayo vitabu vyetu havielezi. Kwa miongo mingi filamu ya kawaida haikuuona mwanga mwekundu. Iliona buluu na kijani tu. Filamu zinazoona rangi zote zilikuwepo sokoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini filamu ya watu wa kawaida ilibaki nyuma: Verichrome ya Kodak iliyotoka mwaka 1931 ilikuwa bado kipofu wa nyekundu, na toleo lake linaloona rangi zote lilikuja mwaka 1956. Tufikirie maana yake kanisani. Mshumaa na balbu ya zamani hutoa mwanga mwingi wa upande wa nyekundu. Ngozi ya kahawia hurudisha zaidi upande huohuo. Basi filamu ile haikuiona taa vizuri, wala haikumwona vizuri aliyemulikwa nayo. Mtu mweusi kanisani alipigwa picha na kifaa ambacho kilimfanya mweusi kuliko alivyo.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuingiza mwanga kwa nguvu. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi unaolipuka kwa mwako mmoja mkali. Ulitoa moshi na ulichoma watu. Sidhani kama kuna padri angeuvumilia karibu na altare. Kufikia mwaka 1930 balbu za flashi zilikuwa zimeanza kuuzwa, kila moja ikitumika mara moja na kutupwa. Katika miaka hiyohiyo Harold Edgerton huko Marekani alikuwa akiendeleza flashi ya umeme inayoweza kurudia. Hapo mpiga picha akapata silaha, lakini silaha yenye tabia yake. Mwanga wa flashi hudhoofika haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Bibi harusi aliye mita mbili anang'aa kama bati, wazazi walio mita nne wanaonekana nusunusu, na kwaya iliyo nyuma inapotea. Picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 nilizoziona katika nyumba za Buyenzi na Bwiza ziko hivyo hasa. Maarusi wanaelea katika giza kana kwamba walioana peke yao usiku, na kumbe kanisa lilikuwa limejaa saa nne asubuhi.

Kanisa nalo lilikuwa na la kusema. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, padri aliruhusiwa kuongoza misa akiwaelekea waumini, na hiyo ilimpa mpiga picha uso wa padri badala ya mgongo. Lakini Mei 1967 Roma ilitoa maelekezo juu ya ibada ya Ekaristi, na ndani yake mna kifungu kinachohusu picha: adhimisho lisivurugwe wala kukatizwa kwa ajili ya kupiga picha, na pakiwa na sababu ya kuzipiga, ifanywe kwa staha kubwa na kwa kufuata taratibu za askofu wa mahali. Wanafunzi wenzangu niliowaeleza hili walishangaa. Walidhani kila padri anajiamulia tu. Mimi nakiona kifungu hicho kuwa cha haki, kwa sababu nimeshuhudia wapiga picha wanne wakimzunguka padri kama nyuki. Hata hivyo tukubali matokeo yake. Flashi ikikatazwa na kanisa likiwa na giza, kinachobaki ni filamu yenye hisia kali, lenzi yenye tundu pana, na mkono usiotetemeka.

Niweke hesabu kidogo hapa. Kanisani penye mwanga hafifu, filamu ya ISO 100 na tundu la lenzi la f/2.8 hudai kama robo ya sekunde. Kwa robo ya sekunde hata pumzi ya bwana harusi inaonekana. Tri-X ya Kodak, iliyotoka kwa kamera ndogo mwaka 1954 na baadaye kuhesabiwa ISO 400, iliteremsha muda huo hadi 1/15 ya sekunde. Ni afadhali, lakini mtu anayevalisha pete hatulii kiasi hicho.

Kisha ikaja filamu ya rangi, na pamoja nayo kadi za Shirley. Maabara za kusafisha picha zilipokea kutoka Kodak picha ya mwanamke mweupe, zikarekebisha mashine zao mpaka ngozi yake ionekane sawa. Jina lilitokana na mfanyakazi wa kampuni aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha hizo. Profesa Lorna Roth wa Kanada, aliyechunguza historia hiyo na kuichapisha mwaka 2009, alielezwa na watu wa Kodak kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia hayakutoka kwa watu weusi. Yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautiana kwenye matangazo. Maboresho yalionekana katika filamu za miaka ya 1980, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Kwa kweli nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Kabati lilitetewa kabla ya bibi harusi wa Bujumbura.

Je, wapiga picha wa Afrika walikaa tu wakisubiri? Hapana. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alipenda kupiga picha uani kwa mwanga wa mchana. Hapa kwetu naona akili hiyohiyo katika desturi ambayo wengi wanaidhania kuwa ya urembo tu: picha ya ngazini. Fungua albamu yoyote ya familia ya Bujumbura iliyofunga ndoa kanisani, iwe Regina Mundi au parokia ndogo ya pembezoni, utakuta maarusi, wasimamizi na wazazi wamepangwa mbele ya mlango baada ya misa. Kwa maoni yangu desturi hiyo ilizaliwa na giza la ndani. Ngazi zikiwa upande wenye kivuli, mwanga ni laini, unafika kwa kila mmoja, na padri ameshamaliza kazi yake. Hata kurudia kuvalishana pete kwa ajili ya kamera, ambako wengine hukucheka, ni mabaki ya enzi ambapo pete ya kweli haikupigika.

Kwa nini jambo hili linastahili insha ya historia na si makala ya ufundi? Kwa sababu katika nchi hii picha ya harusi mara nyingi ndiyo picha pekee ya mtu. Mwaka 1972 na baada ya 1993 watu wengi waliuawa, na nyumba zilizochomwa ziliungua na albamu zake. Jirani yetu mmoja, bibi wa zaidi ya miaka 70, alifunga ndoa mwaka 1970 na akawa mjane mwaka 1972. Anayo picha moja ya mumewe, nyeusi na nyeupe, ya ndani ya kanisa. Kola ya shati inaonekana, shela inaonekana hadi nyuzi zake, lakini uso wa mume ni doa. Aliyeichapisha aliitetea nguo.

Ndani ya bahasha ileile mlikuwa na negativu. Wanafunzi wa historia waijue tofauti hii: negativu hubeba zaidi ya kile ambacho karatasi iliweza kuonyesha. Niliiweka juu ya kioo cheupe chenye mwanga, nikaipiga picha kwa kamera, nikaigeuza kwenye kompyuta na kuufungua upande wa giza polepole. Shela ilififia ikawa weupe mtupu. Upande wa pili yakatokea macho, mashavu, na alama ndogo juu ya nyusi. Bibi aliitazama kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," akasema, "hilo kovu nilikuwa nimelisahau."

Leo vifaa vimebadilika sana. Nikon D3 ya mwaka 2007 ilifikia ISO 6400 katika kiwango chake cha kawaida, na kamera zilizofuata zimeifanya ISO 3200 kuwa jambo la kila siku. Kanisa lililodai robo ya sekunde sasa linadai 1/125. Mwaka 2021 Google ilitoa simu zilizotangazwa kuwa zimefunzwa kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Lakini matatizo mapya yapo. Taa za LED za bei nafuu zilizojaa makanisani hupepesa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa kasi ya 1/500 unapata picha moja angavu na inayofuata ya giza. Mjomba hushuka hadi 1/100, au 1/50 wakati wa viapo ambapo watu wametulia. Umeme ukikatika katikati ya misa, naye huwa ameshalijua dirisha lake.

Mwaka 2017, serikali ilipowataka wanaoishi pamoja wahalalishe ndoa zao kabla ya mwisho wa Desemba, ndoa zilifungwa kwa makundi, na picha zake nyingi zilibaki katika simu ambazo leo hazifanyi kazi tena. Negativu ya 1970 ilingoja ndani ya bahasha zaidi ya nusu karne. Mjomba ana maboksi matatu ya negativu chini ya kitanda, nyingine zimeanza kushikamana kwa unyevu. Nimeanza kuziandikia parokia, mwezi na mwaka, yeye akinisomea kutoka kwenye madaftari yake ya malipo. Tumefika Agosti 1989.