Kenya: Mwandishi wa mashinani asiyehesabiwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini

Tarehe 30 Juni 2016, Nation Media Group, kampuni iliyochipuka kutoka gazeti la Kiswahili la Taifa mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitangaza kuifunga redio yake ya Nation FM jijini Nairobi pamoja na KFM ya Kigali, Rwanda. Miaka minne baadaye, Juni 2020, janga la korona likiwa limepunguza mapato ya matangazo ya biashara, kampuni ya Mediamax iliwaarifu wafanyakazi wapatao 100 kwa ujumbe mfupi wa simu kwamba kazi yao imekwisha. Tangu hapo, habari za kupunguzwa kwa wanahabari nchini Kenya zimekuwa za kujirudia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, imeweka utaratibu wa jambo hilo. Mwajiri sharti atoe ilani ya mwezi mmodi au zaidi kwa chama cha wafanyakazi au kwa afisa wa kazi, na amlipe anayeondoka mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia.

Kinga hiyo, hata hivyo, ni ya mwajiriwa. Waandishi wengi walioko mbali na Nairobi hawajaajiriwa: hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa au kutangazwa, nauli ikitoka mifukoni mwao. Bajeti ikipungua, mtu wa namna hiyo hapewi barua wala ilani. Habari zake huacha kununuliwa, basi. Kwa hiyo idadi inayotajwa siku ya tangazo ni pungufu daima, na waliosahaulika ndio hasa waliokuwa wakiandika habari za vijijini.

Hasara yake huonekana katika kaunti. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti kuendesha vikao vyake na vya kamati zake hadharani, wala lisiwazuie wananchi au vyombo vya habari pasipo sababu maalumu. Mlango umeachwa wazi. Lakini kaunti ni 47, na kila moja ina kamati zake, bajeti yake na zabuni zake. Nani ataketi humo kutwa nzima akisubiri kifungu kimoja cha ada za soko?

Ada hizo si jambo dogo kwa wasikilizaji wetu. Mfanyabiashara avukaye mpaka pale Busia au Malaba huzilipa kama Mkenya, na huenda akajua zimepanda siku anapodaiwa tu. Sisi tunaotafsiri habari za jirani twauona upungufu huo mezani kwetu: matamshi ya wanasiasa wa Nairobi hutufikia kwa wingi kupita kiasi, ilhali uamuzi wa bunge la kaunti iliyo ng'ambo ya mpaka twaweza kuukosa kabisa.

Redio za jamii hujaribu kuziba pengo hilo. Koch FM ilianzishwa na vijana wa mtaa wa Korogocho mwaka 2006, studio yake ikiwa ndani ya kontena. Redio Mang'elete, katika Kaunti ya Makueni, ni zao la vikundi vya wanawake, na hutangaza kwa Kikamba. Pamoja FM ya Kibera ilihimiza amani wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walipokuwa wakishambuliana.

Lakini leseni ya redio ya jamii si ya kutafuta faida, na matangazo ya biashara inayoruhusiwa kupokea ni yale yanayohusu eneo lake. Duka la mtaani haliwezi kulipa mishahara ya watangazaji kumi. Kwa sababu hiyo wengi wao ni vijana wa kujitolea, ambao wakishaiva katika kazi huenda kutafuta ajira Nairobi, katika vyumba vya habari vilevile vinavyopunguza watu.