Maji ya Tohara na Maji Salama

Katika semina moja ya historia, mwanafunzi aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri siku ile: "Mwalimu, ikiwa dini imetufundisha usafi tangu karne ya saba, mbona kipindupindu hakijatuacha?" Nilimpa jibu la haraka kuhusu umaskini, tukaendelea na somo. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Nianze mbali kidogo. Katika siku za tauni ya Amwas, iliyoangamiza watu wengi katika nchi ya Sham mwaka 18 Hijria (639 Miladia), Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kuelekea huko. Alipofika Sargh, makamanda wake walimpa habari za maradhi. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Answari, nao wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakamshauri kwa kauli moja arejee na watu wake. Abu Ubayda bin al-Jarrah alimhoji iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alimjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Ndipo Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi aliyoisikia kwa Mtume, kwamba tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikizuka mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Wasemaji wetu wengi huishia hapa. Hutangaza kuwa Uislamu uliijua karantini kabla ya Ulaya, na makofi yakapigwa. Mimi naona somo la Sargh liko kwingine. Kiongozi aliuliza, akasikiliza waliohitilafiana, akaamua, na akaulizwa hadharani juu ya uamuzi wake.

Wala mjadala haukuishia Sargh. Zipo hadithi zinazofahamika kukanusha uambukizaji, na zipo zinazoamuru kujitenga na mwenye ukoma na kutochanganya ngamia wagonjwa na wazima. Tauni kuu ilipoikumba Andalusia mwaka 1348, Ibn al-Khatib, waziri na tabibu wa Granada, aliandika kwamba uambukizaji umethibitishwa na tajiriba na ushahidi wa macho, na kwamba dalili ya maandiko ikipingana na yanayoshuhudiwa, haina budi kufasiriwa upya. Karne iliyofuata, Ibn Hajar al-Asqalani wa Misri, bingwa wa hadithi aliyefiwa na binti zake kwa tauni, aliukataa uambukizaji. Hata hivyo, alikuwa mwaminifu kwa alichokiona. Ameeleza kwamba mwaka 833 Hijria watu wa Cairo walifunga, kisha wakakusanyika jangwani kuomba tauni iondoke. Kabla ya mkusanyiko huo waliokufa kwa siku hawakufika arubaini. Mwezi ulipokwisha walizidi elfu moja. Mwanazuoni aliyekanusha uambukizaji ndiye aliyetuachia ushahidi huo.

Sasa nije kwetu. Kipindupindu kilifika mjini Unguja mwishoni mwa 1869. James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi mjini humo, alifuatilia njia yake na kuchapisha kitabu London mwaka 1876. Kwa maelezo yake, maradhi yalishuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, kisha yakavuka bahari. Yaliukuta mji wa Waislamu wengi, watu waliotawadha mara tano kwa siku. Swali la mwanafunzi wangu lingeweza kuulizwa siku hizo hizo.

Nikiwa mtoto chuoni, nilikariri mbele ya birika la msikiti hukumu ya madhehebu ya Shafi: maji yakifikia kullatayni, takriban lita mia mbili, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, maadamu rangi, ladha na harufu yake havikubadilika. Ni hukumu ya busara. Inamwondolea mja wasiwasi na kumrahisishia ibada. Lakini iliwekwa kwa ajili ya kuthibitisha tohara. Kijidudu cha kipindupindu, alichokitambua Robert Koch katika utafiti wake wa Misri na India mwaka 1883 na 1884, hakina rangi ya kuonekana ndani ya birika, wala ladha, wala harufu. Maji yanaweza kuwa tohara kwa fakihi na hatari kwa daktari, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Anayetawadha husukutua kwa maji hayo hayo.

Kwa hiyo udhu humfundisha mtu kunawa, lakini hauwezi kumchimbia mtaro wala kumtandikia bomba. Dini imekataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Mtu mmoja anaweza kulitii katazo hilo, ila mji mzima hautalitii pasipo vyoo. Hapo wajibu humtoka mja ukamwendea mtawala.

Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alilitambua hilo kwa kiasi chake. Aliyaleta maji ya chemchemi ya Chemchem hadi mjini. Simpambi: utajiri wa utawala wake ulitokana na karafuu zilizochumwa na watumwa. Hata hivyo, mfereji wake ulifanya kazi ambayo hotuba za usafi peke yake zisingeweza kuifanya.

Mwaka 2020 tulijaribiwa tena. Saudi Arabia iliwazuia mahujaji wa kutoka nje, na Hija ikafanywa na watu wachache waliokuwa tayari nchini humo. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za korona, taifa likahimizwa kuomba, na misikiti na makanisa yakabaki wazi. Sina ugomvi na dua, nami niliomba. Lakini Ibn Hajar aliomba na bado akahesabu maiti. Sisi tuliombwa tuombe bila kuhesabu.

Jibu langu kwa mwanafunzi yule, basi, ni hili. Kipindupindu hakijatuacha kwa sababu tumelichukua fundisho la usafi upande mmoja tu. Mvua zikija, mwananchi huambiwa ni mchafu, anawe mikono, achemshe maji. Ni nasaha sahihi. Lakini ofisa wa serikali anayeitoa, akiwa na imani au akiwa hana, ajiulize kwanza kama bomba la mtaa ule limetoa maji wiki hii, na kama vyoo vyake havimiminiki kisimani. Akiona aibu kuuliza, wanafunzi wamuulize. Umar aliulizwa Sargh, naye akajibu.