Saratani ya Mapafu: Kikohozi Kisichopona, Vipimo Vyake na Hukumu ya Tumbaku

SWALI:

Sheikh, ami yetu anaishi Mazimbu, Morogoro. Amemaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu na bado anakohoa, na sasa anatoa damu. Daktari anataka achukuliwe kinyama cha pafu kipimwe. Wazee wanasema kisu kikigusa saratani inatapakaa, bora tumwachie Allah. Alivuta sigara miaka mingi. Tufanye nini?

JIBU:

AlhamduliLlah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Sahaba zake.

Mpelekeni akapimwe, wala msingoje. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawajuulisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Basi kutegemea kwa Allah na kwenda spitali havigombani.

Kifua kikuu na saratani ya mapafu hufanana mno: kikohozi cha wiki nyingi, damu katika makohozi, kukonda, maumivu ya kifua, kukosa pumzi. Kwa kuwa kifua kikuu kimeenea kwetu, ndicho hufikiriwa kwanza, na mara nyingi ni sawa. Lakini anayemeza dawa zake vizuri kwa kawaida huanza kuona nafuu ndani ya wiki chache. Ambaye makohozi yake hayakuonekana vijidudu, akaanzishiwa dawa kwa picha ya eksirei tu, na miezi miwili ikapita bila nafuu, arudi aulize kama ni maradhi mengine. Na huenda mtu akawa nayo yote mawili, kwani makovu ya kifua kikuu huzidisha hatari ya saratani. Sauti kukwama bila ya mafua, uso na shingo kuvimba, au nimonia inayorudi pale pale, nazo ni dalili za kwenda kupimwa. Saratani yenyewe haiambukizi. Kuleni naye sahani moja.

Ama kisu, hofu hii imezuia watu wengi. Eksirei huonesha kivuli tu, na kivuli hakina jina: chaweza kuwa kovu, usaha au uvimbe. Sitii skani huonesha zaidi, lakini kinyama ndicho kinachojuulisha kama ni saratani na ni ya aina gani, na dawa hutolewa kwa kufuata aina. Mara nyingi huchukuliwa kwa sindano au kwa kamera nyembamba ipitayo kooni, si kwa kupasuliwa kifua. Watu huona mgonjwa amepimwa kisha akafariki, wakakilaumu kipimo, na ukweli ni kwamba aliletwa maradhi yamekwishaenea. Yakiwahiwa pafuni, yaweza kukatwa. Yakishaenea, hubaki mionzi na dawa za kuyapunguza na kumwondolea mtu maumivu, na hilo nalo si dogo.

Mazimbu, palipokuwa na chuo cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini hadi 1992 na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, si mbali na hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Morogoro. Aanzie hapo, aombe rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, Dar es Salaam. Sisi wa visiwani tuanzie Mnazi Mmoja.

Kuhusu tumbaku: ilipoingia nchi za Kiislamu, wanazuoni walikhitalifiana. Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki 1731, aliandika kitabu kuihalalisha. Wakati huo madhara yake hayakuwa wazi. Tangu utafiti wa Doll na Hill, Uingereza, 1950, hakuna tena nafasi ya kusema hatujui. Shirika la Afya Duniani linasema sigara ndiyo sababu ya takriban asilimia 85 ya saratani za mapafu. Aya ya 195 ya Suratul Baqara inakataza kujitia katika maangamizi, na kwa dalili hiyo tunaona kuwa kuvuta ni haramu, shisha za Mji Mkongwe zikiwemo. (Morogoro ndiko tumbaku husindikwa kwa wingi, na suala la ajira za huko linataka makala yake.) Avutaye mbele ya mke na watoto huwadhuru wasiochagua. Moshi wa kuni katika jiko lisilo dirisha nao umo. Wako wanawake walioipata bila kugusa sigara.

Aliyeacha, hatari yake hushuka hadi karibu nusu ya anayeendelea kuvuta baada ya miaka kumi. Marekani, utafiti uliotangazwa 2011 uliwapima kwa sitii skani ya mionzi midogo watu waliovuta sana, na vifo vya saratani hii vikapungua kwa asilimia 20. Aliyevuta miaka mingi amuulize daktari wake kuhusu kipimo hicho hata kama hakohoi.

Ami yenu msimwambie amejitakia. Mwende naye, mchukue kadi ya kifua kikuu na picha zote za zamani za eksirei, kwani daktari atataka kuzilinganisha. Akianza dawa na Ramadhani ikamkuta dhaifu, ana ruhusa ya kula. Atalipa akipona, na asiyetarajiwa kupona atatoa fidya.

Wallahu a'lam.