Nani Aliua Watu 125 Ukambani?

Sisi Wakamba tuna mazoea ya kupatia njaa majina. Uliza susu yako. Atakutajia Ngomanisye, ile ya mwisho wa miaka ya 1890. Atakutajia Nikw'a Ngwete ya mapema miaka ya 1980, yaani nakufa na nimeshika: pesa iko mkononi, chakula cha kununua hakuna. Jina likibaki, stori inabaki.

Sasa uliza mtu wa rika letu kuhusu 2004. Kimya. Na mwaka huo, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Kati ya kila wagonjwa kumi, karibu wanne hawakurudi nyumbani. Hiyo haikuwa njaa. Watu walikufa kwa sababu walikula.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya sayansi, kwa hivyo nitaeleza vile mimi mwenyewe nimeielewa baada ya kusoma sana. Twende polepole.

Hospitalini walikuwa wanaona macho ya manjano, tumbo kufura, halafu ini linafeli. Ukiona hivyo unafikiria virusi kwanza. Lakini vipimo vya virusi vya ini havikuonyesha kitu. Kilichoonyesha ni mahindi. Sampuli za kwanza zilizochukuliwa kutoka eneo hilo zilikuwa na aflatoksini hadi 4,400 kwa kila sehemu bilioni moja. Kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Piga hesabu: ni mara 220.

Aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na kuvu. Huwezi kuionja, na ukichemsha isyo ama muthokoi siku nzima bado haitoki. Ile kuvu yenyewe inakaa kwenye udongo, inapanda kwa mahindi yaliyochoka na kiangazi, halafu ikipata unyevu kwa ghala inasherehekea.

Mei 2004 Wizara ya Afya na wataalamu wa CDC ya Marekani walianza uchunguzi, na ulianza na kitu cha kawaida kabisa: maswali. Walichukua wagonjwa 40 na watu 80 wazima wa vijiji hivyo hivyo, wakalinganisha. Ulikula nini? Uliweka wapi? Jibu likajitokeza: waliougua walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao, na wengi walikuwa wameyahifadhi ndani ya nyumba. Wengine wakapima mahindi ya soko, sampuli 350 kutoka masoko 65. Zaidi ya nusu zilipita kiwango. Kwa hivyo hata ukimwaga yako ukaenda kununua, bado ulikuwa unabahatisha.

Hapo ndipo lawama zilianzia. Mkulima hakukausha vizuri. Mama aliweka mahindi chini ya kitanda. Lakini fikiria kidogo. Kama mavuno ni kidogo na unaogopa wezi, utaacha magunia nje? Ungefanya nini tofauti na huyo mama?

Na pia kuna swali ambalo maswali ya mlango kwa mlango hayangeweza kujibu. Mahindi yenye unyevu yako kila mahali Kenya. Mbona sisi? Mbona kila mara ni huku?

Nasema kila mara kwa sababu 2004 haikuwa ya kwanza. Mwaka 1981, wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo bado ilikuwa na Makueni ndani yake, wagonjwa 20 walilazwa na ini limeharibika na 12 wakafa. Mahindi yalipimwa, aflatoksini ikapatikana, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la madaktari la Lancet. Yaani jibu lilikuwa limeandikwa miaka 22 kabla. London walikuwa na nakala. Kijijini hakuna aliyeachiwa.

Jibu la mbona sisi lilikuja polepole, na lilikuja kwa sababu moja: kuna watu walihifadhi mahindi ya 2004 baada ya mazishi kuisha. Watafiti Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walikuza kuvu kutoka kwa mahindi hayo, na mwaka 2007 wakachapisha walichopata. Katika wilaya zilizoathirika, kuvu iliyotawala ilikuwa ya aina wanayoiita S, ambayo inatoa sumu nyingi sana. Kwingine ambako watu hawakuugua, iliyotawala ilikuwa aina ya L, ambayo kwa kawaida si kali hivyo.

Aina ya S ilikuwa inajulikana Marekani, kwenye mashamba ya pamba ya Arizona. Kwa macho, hii yetu ilifanana nayo. Lakini vinasaba vikasema kitu kingine. Walipolinganisha jeni kadhaa na kuchapisha 2012, kuvu ya Kenya ilikaa kwa ukoo wake peke yake. Haikuwa ile ya Arizona wala jamaa zake wa Afrika Magharibi.

Hapa ndipo nataka uelewe vinasaba vinafanyaje kazi. Umewahi kunakili asainmenti ya mwenzako pamoja na makosa yake? Mwalimu akiona kosa lile lile kwa karatasi mbili, anajua moja imetoka kwa nyingine, ama zote zimetoka mahali pamoja. Viumbe vidogo vinajinakili hivyo hivyo. Kila nakala inabeba makosa ya iliyotangulia. Ukisoma herufi zao, unaona nani ni ndugu ya nani.

Mbinu hii ndiyo leo inatumika ICU, ambako bakteria moja inaweza kupita wodi nzima. Mwaka 2011, hospitali ya utafiti ya NIH huko Maryland, Marekani, ilipata mgonjwa mwenye Klebsiella sugu kwa dawa. Wakamtenga, akapona, akaenda nyumbani mwezi wa saba. Wiki tatu baadaye mgonjwa wa pili akapatikana. Mwishowe wakafika 18. 11 walikufa, 6 kati yao kwa sababu ya bakteria hiyo. Je, ilitoka kwa yule wa kwanza ama iliingia upya? Walisoma jenomu nzima, herufi zaidi ya milioni 5, na makosa ya kunakili yakaonyesha njia: ni ile ile, na ilikuwa imepitia kwa watu walioibeba bila dalili yoyote. Bila hivyo, lawama ingetafuta mtu.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamesoma jenomu za Klebsiella za wagonjwa wa hospitali ya huko kutoka 2001 hadi 2011. Waliwezaje? Kwa sababu kwa miaka mingi damu za watoto wanaolazwa zinapimwa, bakteria inakuzwa, halafu inawekwa kwa friji. Mashine ya kusoma vinasaba unaweza kuazima. Sampuli ya mwaka uliopita huwezi kuazima popote.

Na kujua ukoo wa muuaji si hadithi tu ya maabara. Ukishajua ni kuvu gani, unaweza kuitafutia mpinzani. Ndio Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya 2015: kuvu nne za aina ya L, za udongo wa hapa Kenya, zisizotoa sumu. Zinapakwa kwa mbegu za mtama zilizouawa, unamwaga shambani wiki mbili ama tatu kabla mahindi kutoa maua, na zinakalia nafasi ambayo yule muuaji angekalia. Inatengenezwa hapa karibu, KALRO Katumani, Machakos.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tunapiga kelele kuhusu vitanda vya ICU, na ni sawa. Lakini kiongozi akija kukata utepe Wote ama Kitui mjini, muulize la pili: mgonjwa akipata homa akiwa kwa hicho kitanda, bakteria yake itakuzwa wapi, na itahifadhiwa na nani? Kitanda kinasaidia mgonjwa wa leo. Friji inasaidia yule wa miaka 20 ijayo.

Na nyumbani, usingoje serikali. Chukua chupa kavu, weka chumvi kavu na mahindi kidogo, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikishika kwa chupa, mahindi bado yana unyevu, rudisha kwa jua. Fanya hivyo kabla gunia kufungwa.

Halafu uliza wazee wa kwenu 2004 waliiita aje. Kama ilikuwa na jina, niandikie hapo chini. Kama haikuwa nalo, tuipee.