Ua la Meksiko Lililoitwa la Afrika

Yako maua yapendayo jua kali: hupandwa kwa mbegu, huchanua, na kufa katika msimu mmoja. Mojawapo ni lile ambalo Waingereza huliita marigoldi ya Afrika. Ni ua la manjano au la rangi ya chungwa, nene kama mpira mdogo, na majani yake yana harufu kali. Kwa jina hilo mtu angedhani kwamba kwao ni huku kwetu. Basi na tuzitazame habari zake, tuone kama jina lasema kweli.

Asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Wanahua, wenyeji wa huko, waliliita cempoalxochitl, maana yake ua ishirini, kwa wingi wa petali zake. Walilitumia katika sikukuu na katika dawa kabla Wahispania hawajafika. Jina hilo limo katika kitabu kikubwa cha Kinahuatl na Kihispania ambacho mtawa Bernardino de Sahagún alikitengeneza pamoja na wasomi wenyeji, kikamalizika mnamo 1577. Hata leo, tarehe 1 na 2 Novemba, watu wa Meksiko hutandaza petali zake makaburini na nyumbani, ili roho za marehemu zipate kuiona njia.

Uafrika wake, basi, ulitoka wapi? Mwaka 1521 Wahispania waliuteka mji mkuu wa Meksiko, na mbegu zikavuka bahari. Mwaka 1542 Leonhart Fuchs, Mjerumani, alichapa kitabu cha mimea, akatia picha ya ndugu mfupi wa ua hili, akaliita la India. Mwaka 1597 John Gerard, Mwingereza, aliandika kwamba ua lilifika Ulaya wakati Kaisari Charles wa Tano alipouteka mji wa Tunis, ndiyo sababu likaitwa la Afrika. Vita vile vilikuwa mwaka 1535. Hata tukikubali kwamba lilionekana Tunis, lilikuwa huko kama mgeni aliyeingia jana. Mwisho Carl Linnaeus, mwaka 1753, alilithibitishia jina la kitaalamu, Tagetes erecta, litokanalo na Tages, mtoto wa hadithi za kale za Italia aliyezuka katika shamba lililolimwa. India, Afrika, Italia: kila mtu alilipa ua jina la mahali alipokutana nalo, au la kitabu alichokisoma. Mwenyewe aliyelipanda hakuulizwa.

Huko India lilipokelewa vema, likawa ua la mashada. Wahindu wa miji yetu ya pwani nao hulivalisha milango yao wakati wa Diwali.

Apendaye kulipanda, na achague mahali penye jua mchana kutwa na udongo usiotuamisha maji. Mbegu huota kwa siku chache ardhi ikiwa na joto. Miche iachane kiasi cha futi moja, na ikifika urefu wa shubiri, kata ncha yake ili itoe matawi mengi. Ua likatwe asubuhi likiwa limekwisha kuchanua, maana likikatwa changa halifunguki tena. Ondoa majani yatakayozama, ubadili maji kila siku. Na usiogope kukata: kadiri ukatavyo, ndivyo mmea uzidivyo kuchanua. Acha maua machache yakauke shinani, upate mbegu za msimu ujao.

Sisi tulio walimu twafundisha majina mengi tuliyoyakuta yamekwisha kuandikwa: ya mimea, ya milima, hata ya makabila. Ua hili latuonya. Jina laweza kukaa kitabuni zaidi ya miaka 400 na bado lisiwe kweli. Mtoto akileta ua darasani, tusitosheke kumwambia laitwaje. Tumwulize pia: ni nani aliyeliita hivyo, na wenyewe waliliitaje?